Niliandika Jina la Kijiji Chini ya Picha

"Hiyo picha yako itaonwa na nani?" Bibi aliniuliza. Nilicheka tu, nikaendelea kuchora.

Kosa ni langu. Nalisema hapa kwa sababu nyumbani hakuna tena anayetaka kulisikia.

Nilikuwa chuo kikuu, nasomea sanaa. Nilichora vitu vilivyotoweka kwetu wakati wa vita, tangu uvamizi wa Wangoni hadi wa Wajerumani: vigoda, ngao, mikuki. Vyote nilivichora kwa kusimuliwa, maana havipo. Kimoja tu nilikichora nikikitazama: ngoma iliyokaa darini mwa jiko la bibi, kijijini Maguu, ikipigwa na moshi pamoja na mbegu za mahindi. Kila mwaka kabla ya mvua bibi aliishusha, akaipaka mafuta ya nyonyo, akairudisha. Haikupigwa. Mgeni hakuonyeshwa.

"Bibi, ngoma isiyopigwa wala kuonwa ina faida gani?"

"Shule imekufundisha kuuliza," alisema. "Kunyamaza bado."

Picha zilionyeshwa Dar es Salaam. Chini ya ile ngoma niliandika yote: Maguu, Mbinga, jikoni kwa bibi. Niliona ndio usomi. Kazi isiyotaja chanzo ni porojo. Fundi aliyenitengenezea fremu alisoma, akaguna.

"Dada, umechora ngoma au umechora ramani?"

Nilimwona mshamba.

Msimu ule wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameruhusiwa, na gari la wageni milimani halikumshtua mtu tena.

Nilipofika likizo, bibi alikuwa akigeuza kahawa kichanjani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeirudisha?"

"Nini?"

"Ngoma. Wenzako wa chuo si walikuja kuichukua? Walikuwa na picha yako, na mwandiko wako chini. Ningewakataliaje?"

Sikuwa nimemtuma mtu. Bibi alinitazama usoni, akaelewa. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Tangu siku hiyo alianza kuogopa. Mbwa akibweka, anafunga mlango mchana kweupe. Akisikia hatua njiani, anaacha kula.

"Watakuja kuidai," alisema.

"Nani, bibi?"

Aliinuka, akatia komeo mlangoni. Alikufa akiwa bado anaisikiliza njia.

Wewe unayechora, unayepiga picha, unayeandika habari za kwenu, nisikilize. Vita havikuwa vimeipata ngoma ile. Iliyoipata ni kalamu yangu. Ukifichiwa sababu ya jambo, usidhani sababu haipo.

Miaka mingi baadaye wazee watatu walipanda Maguu kutoka ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wakamuulizia bibi kwa jina. Ngoma haikuwa yetu. Mababu zao, wakikimbia vita, waliikabidhi kwa ukoo wetu, nasi tuliapa kuwatunzia mpaka watakapoifuata.