Mwanangu Aliyeombewa Kazi

Mwanangu wa pili alipoacha kazi Bungoma, akiwa na miaka arobaini na mitatu na meno yake yote, sisi hapa Kiminini tulipokea habari hiyo kama habari ya msiba. Mama yake aliteleka maji ya chai, akatuletea vikombe, ndipo tukagundua hakutia majani.

Kijana alikuwa mhasibu katika kampuni ya kuuza mbolea. Tangu mshahara wake wa kwanza alibeba githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwenye mkebe kwenda ofisini, na hakununua gari hata makarani aliowafundisha kazi walipoanza kumpigia honi akitembea kando ya barabara. Siku hiyo, juu ya maji yale ya moto, alitueleza hesabu yake. Watu wengi, alisema, hutumia kwanza ili waweke kitakachobaki, na hakibaki kitu. Yeye huweka kwanza, ndipo atumie kilichobaki. Sehemu iliingia Sacco, sehemu ikanunua dhamana za serikali, sehemu ikajenga vyumba vya kupangisha Kitale. Kando ya hayo kulikuwa na akiba ya dharura, ambayo aliitunza kama mahindi ya mbegu. Sasa kodi na riba zilimtosha, kwa sababu matumizi yake yalikuwa madogo.

Nilimsikiliza kwa makini. Maisha yangu yote kanisani nimefundisha malimbuko, kwamba fungu la kwanza hutengwa kabla mkono haujaonja. Kijana alikuwa ameelewa somo langu lote. Alibadilisha anwani tu.

"Kwa hivyo umestaafu," nikasema.

"Nimestaafu, Baba."

"Na hujazeeka."

"Ndiyo maana yake."

Mama yake akauliza, "Na watu wakiniuliza unafanya nini, niseme?"

"Usiseme kitu, Mama. Hesabu yangu inatosha nyumba moja. Ukoo ukiisikia, tutaila mwezi mmoja, halafu sote turudi kutafuta kazi."

Mkewe, mwalimu ambaye hakutaka hata kusikia neno kustaafu, alibaki Bungoma na watoto hadi shule zifungwe. Mwanangu akakaa kwetu akisimamia ujenzi wa nyumba yake. Lakini mwanamume wa umri wake hawezi kutembea kijijini saa nne asubuhi, mikono safi, bila watu kutaka maelezo. Jirani yangu alinisimamisha langoni.

"Mzee, si leo ni Jumanne? Kijana ako likizo?"

"Hapana. Ameacha kazi."

"Woi. Pole sana, Mzee."

"Ameacha mwenyewe, kwa hiari."

"Ndivyo wote wanasemanga," akanijibu kwa upole. "Hata wangu alisema hivyo."

Jumapili mchungaji akamwita mbele aombewe. Kijana akapiga magoti, maana angefanya nini? Mama mmoja mwenye sauti kubwa akamwekea mkono kichwani, akalia, "Baba, waaibishe waliomtoa kazini!" Aliporudi kuketi kando yangu mwanangu aliniambia, "Baba, maombi yale yakijibiwa, atakayeaibika ni mimi."

Nilicheka. Kisha mchungaji akatangaza kwamba Jumapili inayofuata kila mtu alete alichojaliwa, tumsaidie kijana wetu. Hapo kicheko kikaniisha.

"Wacha iende hivyo, Baba," mwanangu akanisihi. "Tangu nije hapa hakuna aliyeniomba karo. Mtu aliyefutwa kazi haombwi."

Alisema kweli. Nami ni mzee wa kanisa. Nikinyamaza, wajane wataleta kuku wao kwa mtu mwenye nyumba za kupangisha, nami nitakaa kiti cha mbele nikitazama. Nikisema, amani aliyoinunua kwa githeri ya miaka ishirini itaisha kabla ya jioni. Nilisali wiki nzima, nikimngoja Bwana anionyeshe njia ya tatu. Hakunionyesha.

Jumapili ilipofika nikasimama kabla ya matoleo. "Ndugu zangu, mwanangu hakufutwa. Aliacha mwenyewe. Alijinyima akaweka akiba, ana vyumba Kitale, anakula na kushiba. Tafadhali msimletee kitu."

Mwanangu alifumba macho kama mtu anayengoja sindano.

Mjane anayekaa ng'ambo ya kijito akainuka, kuku kwapani na kikapu cha maharagwe mkononi. "Mzee," akasema, "si sisi ni watu wa nyumbani? Usione haya." Akampa mwanangu kuku.

"Mzazi lazima aseme hivyo," mtu akanong'ona nyuma yangu.

"Lazima, bana."

"Vyumba viko Kitale," nikasema tena. "Vina wapangaji!"

"Amina!" wakaitikia, na mchungaji akapangusa macho.

Nimesimulia mengi mahali pale kuhusu makao ya mbinguni, ambayo hakuna hata mmoja wetu amewahi kuyaona, na nikaaminiwa. Siku niliyoleta makao yenye hati miliki, walinihurumia.

Basi kuku akaja nyumbani, na kikapu. Kwetu kikapu hakirudishwi kitupu, na katika bajeti yote ya mwanangu hapakuwa na fungu la kikapu. Kumpelekea mjane pesa kungemtukana. Lakini mahindi yake yalikuwa yamekauka shambani na wanawe wako mbali. Asubuhi moja kijana akachukua panga, akaenda kumkatia mahindi. Alirudi mikono imechubuka, amelishwa ugali na mboga, anacheka peke yake. Kesho yake akaenda tena bila kusukumwa na mtu, na shamba lile lilipokwisha akaingia la jirani.

Mchungaji alimwona kutoka barabarani. Jumapili akapanda mimbarini, uso unang'aa. "Bwana amejibu! Kijana wetu amepata kibarua!"

Kanisa lilisimama likapiga makofi. Mjane aliimba. Mimi pia nilimshukuru Mungu, na sikudanganya: kijana hakuombwa karo, mahindi ya mjane yalikuwa ghalani, na ukweli nilikuwa nimeusema mara mbili mbele ya mashahidi.

"Sasa tuendelee kumwombea," mchungaji akasema, "apate kazi ya mshahara!"

Mwanangu akaniinamia sikioni. "Baba, hiyo waambie waombe polepole."