Hita niliyoifunga mkaja, na mzazi kaketi chini yake

Vijana mtakaosoma hapa, na nyinyi wakuu wenye mvi mnaojificha kwa majina ya kubuni, asalaam alaykum.

Mie ni bibi wa Hail, hapa Maskati. Skuli nilisoma kidogo tu, na kuandika naandika kwa kidole kimoja. Haya sikuhadithiwa, yamenikuta mwenyewe. Atakayecheka acheke, lakini asome mpaka chini.

Binti yangu Salma kajifungua, akaja kwangu kumaliza arubaini. Kwetu mzazi hukandwa kila asubuhi kwa maji ya moto. Si vuguvugu. Moto wa kumfanya alitaje jina la mamake kwa ubaya.

Mkandaji ni shoga yangu Zuwena. Mikono yake koleo, na ulimi wake vilevile.

Sasa kwa walio mbali niwaeleze kitu. Huku wakati wa joto tangi la juu ya paa linapikwa na jua, mfereji wa baridi ukiufungua unakuunguza. Basi sote tunazima hita ya maji ya kuogea. Maji yaliyomo yanakaa kivulini ndani ya nyumba, yanapoa, na mfereji mwekundu, ule wa maji ya moto, ndio unaotupa maji ya baridi.

Baridi ikiingia tunaiwasha tena. Na msiniambie Maskati hakuna baridi. Njooni mwezi wa kwanza muoge alfajiri, halafu tuzungumze.

Basi nikaiwasha. Asubuhi ya kwanza Zuwena kafungua mfereji mwekundu, maji yakatoka kama machozi ya mke mwenza msibani. Ndoo haijafika nusu, ya chini yameshapoa. Mwanangu kakaa kwenye kibao anatetemeka.

"Bi Asha," Zuwena akaniambia, "nimekuja kumkanda mwanao au kumtawadhisha?"

Nikatangaza nyumba nzima: pampu imekufa.

Salma akauliza kutoka kitandani, "Mama, mfereji wa baridi una nguvu?"

"Unayo."

"Na wa jikoni?"

"Nao unayo."

"Basi pampu nzima. Tazama hita na njia yake."

Nikamwambia wewe mzazi, lala. Ukifikiri sana maziwa yatakauka.

Hapo ndipo uzi ulipotakiwa kwisha, wakuu. Kama mna haraka ondokeni.

Nikamtuma mwanangu Khalfan mpaka Rusayl, akaleta pampu kubwa kuliko ya mwanzo. Akaifunga. Mfereji wa baridi ukanipokonya sabuni mkononi. Wa moto, bado mke mwenza yuleyule.

Nikainua macho. Chini ya hita kuna kivalvu kidogo, kinatoa tone, tone, tone. Nikasema leo nimemkamata mwizi wa presha. Mie nimekulia nyumba ya kuteka maji kisimani, tone likimwagika mtu anaulizwa.

Nikapanda ngazi. Nikachukua kitambaa cha mkaja, kile tunachomfunga mzazi tumboni, nikakifunga kivalvu vilevile ninavyomfunga mwanangu. Nikakaza kwa meno. Meno haya mnayoyasikia, manne.

Tone likakoma. Nikashuka nikaenda kunywa kahawa yangu kama mhandisi.

Punde hita ikaanza kuguna. Nikasema hiyo sasa, inapata nguvu.

Zuwena kamuingiza Salma hamamu, kamkalisha kibaoni, chini ya hita hasa. Akatazama juu.

"Bi Asha, na hii nayo imejifungua?"

Mie pale mlangoni nikacheka. Salma akainua kichwa, hakucheka. Akajifunga kanga vizuri akasimama.

"Mama, zima umeme wa hita. Tokeni nyote humu."

Sijawahi kuamrishwa na mtoto niliyemzaa. Nilizima.

Kule chumbani akanieleza polepole. Maji yakipata moto yanavimba. Kile kivalvu ndio mlango wake wa kutokea. Ukiufunga, tangi litajitafutia mlango mwingine. "Na mlango wenyewe, mama, ulikuwa juu ya kichwa changu."

Zuwena akanisogezea kiti kwa upole. Mnaomjua Zuwena mtaelewa nilivyoogopa.

Hita ilipopoa Khalfan akafungua mkaja. Maji yalitoka yanafoka kama paka aliyekanyagwa. Kisha akafuata bomba kwa kidole, nyuma ya hita akakuta kifungio cha maji kimekazwa, kimebakishwa kidogo tu.

"Nani kafunga hiki?"

Mie, wakuu.

Wakati wa joto wajukuu walikuwa wanayamaliza maji yangu ya baridi ya kutawadhia. Nikakikaza kile kifungio ili yatoke kidogokidogo, wachoke wenyewe. Wakachoka. Mie nikasahau.

Khalfan akakifungua. Maji yakaja kwa kishindo, Zuwena akajaza ndoo yake, Salma akapiga ukelele mmoja wa haki yake. Sijapata kusikia sauti tamu kama ile.

Basi nilichojifunza ni hiki. Kabla ya kulaumu pampu, fungua mifereji yote miwili. Wa baridi una nguvu na wa moto hauna, iache pampu, katazame njia ya hita. Yote imelegea, hapo ndio upande paani ukatazame tangi na pampu. Kivalvu kikitoa tone hita ikiwa inapasha, kiache. Kikimwaga bila kukoma, ita fundi. Na mzazi akikuuliza swali kutoka kitandani, mjibu kwa adabu.

Pampu ya zamani, nzima kabisa, iko stoo. Nikipita pale nageuza uso.

Mlioko Bustan na kwengineko, semeni hapa chini, kwenu nani aliyefunga asichokijua? Hata matusi nitayasoma, ila yawe mafupi.

Nyumbani nimeshatoa amri, nimewakusanya wote sebuleni pamoja na Zuwena. Joto likirudi, maji ya hita ni ya wote, hata wajukuu. Na kitambaa cha mkaja kikionekana nje ya chumba cha mzazi, aliyekishika anyang'anywe na ngazi ifichwe, hata akiwa ni mimi.