Pishi ya Mwalimu Shaame

Mwalimu Shaame hakuwa mtu wa makuu. Katika kitongoji chao jirani na Pujini alikuwa na chuo cha Kurani barazani kwake, mikarafuu michache, na mke mmoja, Bi Mwanapili, msusi wa mikeka. Lakini likija suala la ngoma alikuwa haelewani na mtu. Arusi ikipita njia ya nyumbani kwake, wapigaji walizibana ngoma kwapani mpaka wamalize kupita, kwa kuiogopa bakora yake.

Maradhi ya Bi Mwanapili yalianzia mkononi. Kidole gumba kilikuwa kikichezacheza juu ya ukili kama cha mtu anayevuta tasbihi, na Mwalimu, masikini, akafurahi akidhani mkewe anamtaja Mola wake. Kisha mkono mzima ukatetema. Mwaka haujatimia, miguu nayo ikafanya inda. Uani atakwenda, akifika kizingitini anaganda, nyayo zimeng'ang'ania chini ilhali kiwiliwili kinataka kuingia. Majirani wakasema kizingiti kimefukiwa kitu. Wakachimba, wakapata kigae cha chungu na kipande cha mzizi, wakavisomea na kuvichoma moto. Bi Mwanapili akaganda vilevile, safari hii mbele ya shimo.

Mwalimu akamwandikia kombe. Watu walikuwa wakitoka hata Mkoani kuja kunywa kombe la mkono wake, aya za zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi. Mkewe alilinywa mpaka midomo ikawa ya manjano, wala hakupona. Barazani watu wakanong'ona kwamba mganga hajigangi. Mwalimu alijifanya hasikii, lakini lilimchoma.

Akampakia gari la ng'ombe mpaka hospitali ya Chake Chake. Daktari, mtu mpole, alimtembeza, akamkunja na kumkunjua mikono, kisha akasema haya ni maradhi ya mishipa ya fahamu, nayo huenda mbele, hayarudi nyuma. Akampa matone ya kupunguza mtetemo. Kinywa kilikauka, lakini mkono ulitulia kidogo. Kisha ukaandama mwezi wa Ramadhani. Mwalimu akamwambia mkewe kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula.

"Ngonjwa ni wa kitandani," alijibu Bi Mwanapili. "Miye natetema tu. Ntafunga."

Na baada ya Idi hakuyarudia tena matone. Alisema dawa inayomkausha mtu ulimi akashindwa kumdhukuru Mungu haina baraka.

Ndipo binti yao Mize, aliyeolewa Pujini, akazaa mtoto wa kike na kumpa jina la bibi yake. Siku ya arobaini mtoto angetolewa nje kwa mara ya kwanza, na Mize alitaka atolewe na yule aliyemwachia jina, si mwingine. Mkwe akaleta habari kwamba atakuja na vijana wambebe mama kwa kitanda.

"Kitandani huchukuliwa maiti," alisema Bi Mwanapili.

"Basi gari la ng'ombe," alisema Mwalimu.

"Hospitali nlipelekwa. Kwa somo yangu ntakwenda kwa miguu, au siendi."

Na arobaini hiyo inakaribia, naye hata mlango wake mwenyewe haupiti bila ya kusukumwa.

Dada yake Bi Mwanapili, Mwatum, hakuwa na shaka yoyote. "Huyu ana pepo wa rubamba, shemeji, pepo wa hapahapa Pemba. Kutetema kule ndiko kupanda kwake. Anataka ngoma."

"Uani kwangu haipigwi," alisema Mwalimu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Yaliishia kwake tu. Siku aliyokwenda maziko Chake Chake, Mwatum aliwaleta wapigaji. Mwalimu alirudi baada ya alasiri, akazisikia ngoma, akadhani ni za jirani, mpaka alipofika akakuta ni zake. Akaingia bakora juu. Akamwona mkewe. Bi Mwanapili alikuwa anatoka ndani, anavuka kizingiti bila kukitazama, anatembea uani mikono ikipepea kama msichana anayekwenda kisimani. Mwalimu alisahau kushusha bakora. Wapigaji wakamwona, ngoma zikakatika, na Bi Mwanapili akaganda katikati ya ua.

"Umemuudhi pepo," alisema Mwatum. "Sasa atataka mbuzi."

Mwalimu aliwafukuza wote. Walipobaki wawili, mkewe akamwuliza, "Umeniona?"

"Nimekuona."

"Basi weye ndiye uloniondolea miguu."

Maneno hayo yalimkaa rohoni. Lakini kila alipolirudia lile alilolishuhudia, aliona miguu iliganda pale pale ngoma zilipokatika, kabla pepo hajapata wasaa wa kuudhika. Asubuhi aliwaambia wanafunzi chuo kimefungwa, akatia komeo mlango wa ua, akatwaa pishi ya bati ya kupimia karafuu. Huku akiona haya kama mwizi wa kuku, akaigonga kwa kijiko cha mti. Bi Mwanapili akainua mguu, akafuata na wa pili. Alipoacha kugonga, akasimama. Alipogonga tena, akaenda, akapita mlangoni. Mwalimu alicheka huku machozi yanamtoka.

"Ni pepo au ni hiyo mishipa?" aliuliza mkewe.

"Sijui. Ajuaye ni Mungu. Twende Pujini."

Siku ya arobaini wakatoka, Mwalimu akigonga pishi. Njia ilipita mbele ya msikiti, na barazani alikuwapo Mzee Ngwali, ambaye Mwalimu aliwahi kumkemea kwa ngoma ya arusi ya bintiye.

"Leo mpiga ngoma ndo weye, Mwalimu?"

"Ndo miye," alijibu Mwalimu, na hakukosea hata pigo moja.

Kwa Mize wanawake walikuwa wamejaa uani. Bi Mwanapili akapewa mtoto. Akafika naye kizingitini, akaganda, na mikono ikazidi kutetema. Mwatum akanyoosha yake amshike mtoto. Mwalimu akagonga pishi, lakini mkono ulikuwa umechoka, sauti ikafifia. Mwatum akamtazama shemeji yake, akairudisha mikono, akaanza kupiga makofi kwa pigo lilelile. Wanawake wote wakapokea. Bi Mwanapili akavuka, akatoka nje na somo yake, na mtoto hata hakuamka.

Maradhi yalikwenda mbele, kama daktari alivyosema. Ilifika siku pishi ikagongwa na miguu isisikie, na miaka michache baadaye Bi Mwanapili akafa. Mwalimu aliendelea na chuo chake. Arusi zikipita, wapigaji bado walizibana ngoma kwapani kwa mazoea, mpaka jioni moja akatoka barazani akawasimamisha.

"Pigeni," aliwaambia. "Huenda kuna ntu anatembea."