Jeneza la Baba wa Ubatizo

Nicanor Pirir, mchinja nguruwe wa mji wetu wa San Cosme, alijaliwa mtoto mmoja tu, Fermín. Kwa ajili ya mtoto huyo alifanya jambo ambalo mji mzima ulilisifu: alimwomba kapteni wa kambi ya jeshi awe baba yake wa ubatizo. Kwetu, mzazi na baba wa ubatizo huitana kompadre, na kompadre hamwinulii kompadre mkono. Hata kununiana ni dhambi. Nasi, wajinga sisi, tukaamini mwenye bunduki anaiogopa dhambi hiyo.

Kapteni akapanda cheo hadi jenerali, kisha akapindua serikali. Askari wake waliwafungia watu wa Pachoc, ng'ambo ya mto, ndani ya kanisa lao na kulitia moto. Tulisikia vilio mpaka vikaisha. San Cosme haikuguswa.

"Mshukuruni kompadre wangu!" Nicanor alitamba, nasi tukamnunulia pombe.

Miaka ikapita. Jenerali akavua gwanda, akavaa suti, akaja kuomba kura za urais. Fermín, wakati huo mwalimu, akampazia sauti baba yake wa ubatizo uwanjani: "Baba, na wale wa Pachoc watakupigia kura?"

Watu wakaangua kicheko. Askari wakampiga kwa vitako vya bunduki mpaka meno yakamtoka, wakamburura hadi kambini.

Nicanor akabeba bata mzinga, zawadi ya kumpa kompadre, akaenda kupiga magoti kwa jenerali.

"Kompadre, yule ana domo tu. Nirudishie mwanangu."

"Inuka bwana! Wewe wa kunipigia mimi magoti?" Jenerali alimkumbatia, machozi yakimlengalenga. "Nenda nyumbani. Wajibu wangu kwa mtoto naujua."

Nicanor alirudi akicheka njia nzima. Mkewe, Petrona, akaanza kusaga mahindi ya kupika tamale, mikate ya kufungwa majani, za kumpokelea mwanawe.

Asubuhi lori la jeshi likashusha jeneza jipya mlangoni. Kwetu mtoto akifa, jeneza hununuliwa na baba yake wa ubatizo. Petrona alilifunua, akakuta ni tupu.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Yupo kambini, mama, anakunywa uji," sajini akajibu. "Jioni tutamleta."

Nicanor alikimbilia kambini akipiga mayowe. Getini walimvunja mkono. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hiyo alijivika mwenyewe, maskini.

Jioni sajini na askari wake wakamtupa Fermín mbele ya nyumba, amekatwa koo. Petrona alimgusa kifuani, akakuta bado ana joto.

Nicanor akashika shoka kwa mkono uliobaki, akalipasua lile jeneza vipande vipande.

"Kamwambieni bwana wenu sina kompadre! Mwanangu namzika mwenyewe!"

Sajini akampiga risasi ya uso.

Tuliwazika wawili kwa mikeka. Jumapili iliyofuata jenerali akachaguliwa kuwa rais.