Taa Iliyowaka Bila Antena

Siku ile ningemwambia shefu, mkubwa wangu wa kazi, "hapana", leo nisingekuwa na kisa cha kukusimulia. Nilimwambia "ndiyo". Na haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, sijaonja hata tone la pombe. Usiponiamini sitakulaumu.

Ilikuwa miaka ya vita. Nilikuwa fundi wa mawasiliano wa shirika moja la misaada lenye ofisi mjini, mtaa wa Himbi. Kilimani nyuma ya Kibati tulikuwa na kibanda chenye mtambo uliopokea sauti na ripoti kutoka milima ya Masisi na kuzirusha kwa kasi hadi ofisini. Kule Masisi, katikati ya kambi ya wakimbizi, alikaa mdogo wangu Bahati na mtambo wake mdogo. Vita vikikaribia, Bahati apige, nasi tutume malori kuwatoa watu. Njia nyingine ya kutuita hawakuwa nayo.

Mafuta ya jenereta yalikuwa hayafiki tena kule kilimani, kwa hiyo mtambo wa Kibati uliishi kwa batri, na ili usiimalize, ulilala. Sakiti moja ndogo tu ilibaki macho. Kazi yake ilikuwa kutambua kama ishara imefika, kisha kuuamsha mtambo wote. Ukiiacha nyepesi mno, kelele za hewani zitauamsha bure. Ukiifanya nzito mno, haitamsikia anayeita kutoka mbali. Ndiyo maana hupimwa mara mbili. Kwanza unachomoa antena, unaziba tundu lake kwa kifuniko cha chuma, na unazungusha skrubu mpaka taa ya kijani izimike. Kisha unarudisha antena, na mwenzako wa upande wa pili anatuma ishara dhaifu. Taa ikiwaka, mmemaliza.

Wiki ile mtambo ulikuwa ukiamka ovyo. Shefu akaniita.

"Panda ukaufanye muzito kidogo. Bahati umuache, batri yake iko karibu kwisha."

"Shefu, bila kujaribu na upande wake?"

"Wewe unatengeneza kama mutu anayepika mboga ya sombe, kila dakika unaonja. Utajaribu wiki ijayo."

Wenzangu walicheka. Nami nikacheka, nikasema ndiyo.

Nilipofika kilimani, wingu la mlima wa volkano, Nyiragongo, lilikuwa limeshuka mpaka mlangoni. Nikachomoa antena, nikaziba tundu, nikazungusha skrubu. Taa ikazimika. Halafu ikawaka yenyewe.

Utasema kifuniko kililegea. Nilikikaza, ikawaka tena. Nikageuka. Mama mmoja alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga kitenge, maji yanamtiririka toka nywele hadi miguu. Mvua haikuwa imenyesha.

"Jambo papa. Uko unafanya nini?"

"Niko natengeneza mashini, mama. Umetoka wapi?"

"Kule." Akaonyesha Masisi kwa kidevu. "Mashini yako iko inasikia?"

"Sasa hapana. Nimeifunga."

"Unanidanganya, papa. Mimi iko inanisikia."

Alipotamka, taa iliwaka. Aliponyamaza, ilizimika. Neno kwa neno, nakuapia. Nikamwomba arudi nyuma, hakusogea.

"Usitufungie," akasema polepole. "Tuko wengi, lakini sauti yetu ni kidogo."

Mtu mwenye akili angefanya nini? Angeacha vyombo pale pale na kuuliza ni akina nani hao. Mimi nilitaka ile taa izimike, basi. Nikamgeuzia mgongo, nikazungusha skrubu, nikazungusha tena, huku yeye anasema na taa inafifia, inafifia, mpaka ikafa. Nikageuka. Bado alikuwa pale. Midomo ilikuwa inakwenda mbio, mkono ameuweka kifuani, ananisemesha. Nilisikia upepo. Nilisikia matone yake yakianguka sakafuni. Yeye sikumsikia.

Nikainama kurudisha antena. Nilipoinuka hakuwapo, na sakafu ilikuwa kavu. Ningeweza bado kumpigia Bahati, ishara moja tu ya kujaribu. Niliogopa ile taa isije ikawaka tena. Nikafunga kibanda, nikakimbia.

Mtambo ulilala vizuri. "Unaona?" shefu akanitania. "Hata bila kuonja, sombe imeiva."

Kambi ilipovamiwa, kabla ya siku ya kujaribu na Bahati kufika, ofisini kulikuwa kimya. Mchunga ng'ombe mmoja aliyenusurika ndiye aliyenieleza. "Papa, mudogo wako alikuwa anaita tu, anaita. Anasema, Kibati, mbona hamujibu? Mupaka batri ikakufa." Watu walikimbilia mtoni, na mto ulikuwa umejaa, ukawazoa.

Tangu hapo, mtu akinisemesha kwa sauti ya chini naona midomo tu. Mke wangu alininong'oneza mengi kabla hajafariki, sikupata hata neno. Daktari aliyaangalia masikio yangu, akasema ni mazima.

Wewe unayefanya kazi kama yangu, usiite kimya kitu ambacho hujakipima na mtu wa upande wa pili. Na taa ikiwaka mahali ambapo hapana mtu, usikimbilie kuizima. Uliza kwanza.

Mimi sikuuliza. Malori hayakwenda. Bahati, mdogo wangu pekee, alikufa akiniita, pamoja na watu wa kambi ile, na mwili wake hatukuupata.