Fungua Tena

Shemeji yangu Desderius siku hizi ni mkulima. Ana maharage, ana migomba, ana mbuzi wasio na adabu, na ukimpelekea simu iliyozima atakuambia kuna vijana stendi ya Ngara wanajua. Anayemwona sasa haamini kwamba huyu ndiye aliyekuwa fundi wa kompyuta wa shirika letu la wakimbizi, kitambulisho shingoni, funguo kiunoni kama paroko. Pale kijijini Nyamiaga wapo wanaosema alirogwa. Hakurogwa. Mimi nilikuwepo.

Ameoa binamu yangu, ndiyo maana, mwanamke mimi, nina haki ya kumtania. Ufundi aliuanza utotoni, miaka ya tisini, Wanyarwanda walipojaa kwenye vilima vyetu mpaka kuni zikaisha na chemchemi zikawa tope. Mama yake alikuwa akiuza ndizi kambini, na yeye akawa anashinda kwa mzee mmoja mkimbizi aliyetengeneza redio chini ya turubai. Sisi wengine tuliwalaumu wakimbizi kwa miti yetu. Desderius hakuwahi. "Miti irikuwa ya baba," alikuwa akisema, "rakini ufundi huu nimepewa na mkimbizi." Nikamwambia huo ufundi uliopewa ungekuja na herufi L tungeshukuru zaidi.

Kwa hiyo Warundi walipoanza kuvuka tena kwa wingi mwaka 2015, alikuwa wa kwanza kuomba kazi kwenye kituo cha mapokezi, wilayani kwetu. Mimi nilikuwa karani na mkalimani hapo hapo. Watu wakikaa kidogo, wanapandishwa mabasi kwenda kambi kubwa upande wa Kibondo. Wengi walikuwa wamepotezana njiani. Watoto waliookotwa peke yao walilelewa kwenye nyumba ya shirika kule Nyakanazi, njia panda ya malori, na picha zao zilikuwa kwenye kompyuta ya huko. Sisi tulikuwa na programu ya kuifungua kompyuta ile kwa mbali: unabonyeza ukiwa Ngara, kioo cha Nyakanazi kinakuja mbele yako kama kilivyo, na mzazi anatazama picha akiwa amekaa kando yako. Nimeona akina mama wakipiga vigelegele mbele ya kioo hicho. Nasema hivi msije mkadhani niliichukia tangu mwanzo.

Jumatatu moja programu ikajipandisha toleo jipya, bila kumuuliza mtu. Siku hiyo hiyo ikaanza vituko. Ukibonyeza, kioo cha Nyakanazi kinakuja, kinakaa kidogo tu, halafu kila kitu kinafumba na unabaki unatazama picha ya mlima iliyoko kwenye kompyuta yetu wenyewe.

"Inafunguka, harafu inajifunga," alisema Desderius, akivuta kiti. "Kitu kidogo hiki, shemeji. Kesho itakaa sawa."

Akazima akawasha. Akaiondoa akaiweka upya. Akapunguza rangi za kioo, akabadilisha laini ya mtandao, akaenda kuhakikisha jenereta haichezi. Ikafunguka, ikajifunga. Akampigia Laurian, fundi mkuu wetu wa Dar es Salaam, kijana mpole ambaye hajawahi kukanyaga Kagera.

"Usiguse kitu," Laurian akasema. "Nitaingia mwenyewe kwa mbali niirekebishe."

"Utaingia kwa kutumia nini?"

"Kwa programu hiyo hiyo."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Mtu anataka apite mlangoni ili aje atengeneze mlango usiofunguka! Laurian hakuona cha kuchekesha. Alisema haraka haraka haina baraka, tumpe muda awaulize waliotengeneza programu. Mimi nikasema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini nilisema simu ikiwa imeshakatwa.

Jumanne akaja Niyonzima. Alikuwa mwalimu wa shule kwao, mtu mrefu wa kauli ndogo, na alikuwa akimtafuta binti yake Ineza, wa miaka mitano. Usiku waliovamiwa mama mtu hakutoka nyumbani akiwa hai. Mtoto alibebwa na jirani wakapitia njia nyingine. Nikapiga simu Nyakanazi. Joyness, mlezi wa zamu, akatazama akasema hana Ineza. Hilo halikunishangaza. Watoto wengine walifika hawasemi kitu, wakapewa jina lolote na waliowaleta. Ndiyo sababu tulitegemea picha. Na kumweleza mtoto kwa simu, kovu lake, umri wake, au kutuma picha yake, kulikuwa marufuku, maana walishatokea wezi wa watoto waliopiga simu wakijifanya wazazi. Sheria nzuri. Mpaka leo siwezi kusema ilikuwa mbaya.

Desderius akapata akili. Alimwomba Joyness aziache picha zipite zenyewe, moja baada ya nyingine, kwenye kompyuta ya kule. Kila tukifungua, kabla programu haijafumba, tungeona angalau sura moja. Tukafungua, mvulana. Tukafungua, mvulana mwingine, analia. Tukafungua tena, na Niyonzima akasimama hata kiti kikaanguka.

"Ni ule! Ni ule mutoto wangu!"

Kioo kikafumba.

Nilimpigia Joyness, simu ikashika na kukatika, na alipopokea zilikuwa zimeshapita sura nyingine nyingi. Wasichana wote kule walikuwa wamenyolewa vichwa na kuvalishwa fulana za aina moja. Hakuweza kujua ni yupi.

"Fungua tena," Niyonzima akasema.

Tukafungua tena. Siku nzima ile, na Jumatano yote. Nilianza kuogopa kulisikia neno lile. Hakupandisha sauti, hakulalamika. Anakaa kwenye benchi, mikono magotini, na kioo kikifumba anamwambia Desderius, "Fungua tena, baba," kama anayeomba maji. Sura ile haikurudi, na mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kituoni aende Nyakanazi mwenyewe.

Desderius naye alikuwa amekazana. Hakutoka kula. Alitafuta toleo la zamani la programu, akalipata, kompyuta ikalikataa. Alijibu salamu bila kuinua kichwa. Mara tatu nilimsikia akisema, "Nimeshaiona shida," na uso wake ukang'aa kweli, halafu mlima ule ukarudi kwenye kioo na uso ukazima. Kila jioni alimwambia Niyonzima kesho, na aliamini. Hilo ndilo linaloniuma. Mwongo angekata tamaa mapema, angetafuta njia nyingine.

Alhamisi jioni ndipo alipopata ukweli. Programu yetu ilikuwa mpya na ya Nyakanazi ilikuwa ya zamani, na hizo mbili hazikuelewana tena. Dawa ilikuwa kuipandisha ya kule, na kule hapakuwa na fundi. Ijumaa alfajiri akapanda basi na flashi mfukoni.

Mchana akanipigia. Sauti yake ilikuwa imechangamka kama ya bwana harusi. "Fungua sasa, shemeji."

Nikafungua. Kioo cha Nyakanazi kikaja na kikakaa. Nikangoja kifumbe, hakikufumba. Niyonzima alivuta kiti karibu. Desderius, akiwa kule, akawa anazipeleka picha taratibu, nami simu sikioni, na kwenye simu namsikia Joyness akiwatuliza watoto.

"Huyo," Niyonzima akasema. Alisema polepole safari hii, na akagusa kioo kwa kidole.

"Huyo," nikamwambia Desderius.

Nikamsikia akimuuliza Joyness, na Joyness akajibu kwa furaha, sauti yake yote ikanifikia: "Aa, yule! Mbona ameshapata! Baba yake alikuja jana kumchukua. Mtoto alimrukia shingoni, tukalia sote. Wamerudi kwao."

Desderius akabonyeza mbele. Kisha kioo kikasogea, ikaja picha ya mwisho, ile inayopigwa wakati wa kumkabidhi mtoto. Binti amebebwa na mwanamume kijana mwenye koti zuri. Mtoto anacheka.

Niyonzima aliinamia picha ile. Mimi nilikuwa nimeshaelewa kabla hajafungua mdomo, kwa sababu na sisi Wahangaza wa Ngara ndivyo tunavyoita. Mdogo wa baba ni baba. Mtoto ukimuuliza huyu nani, atakujibu ni baba, na hajadanganya.

"Hamukukosea," Niyonzima akasema. "Ni mudogo wangu. Ni baba yake." Akaongeza, "Ndiye aliwaonyesha wale wauaji nyumba yangu usiku ule."

Simu ilikuwa bado wazi. Desderius alisikia.

Asubuhi yake basi la Kibondo lilikuwa likipakia. Niyonzima hakupanda. Alikuwa ameandikisha kwamba anarudi kwao kwa hiari yake. Nilimshika mkono. Nilimwambia watamuua, nikamwambia kwa Kiswahili na kwa Kihangaza, nikamtukana hata. Alinisikiliza kwa heshima zake zote.

"Mama, baba yake yuko kule na mutoto," akasema. "Mimi nikae huku nikuwe nani?"

Akaenda na gari la mpakani.

Desderius alirudi kutoka Nyakanazi mchana huo. Aliliona benchi la Niyonzima likiwa tupu. Akakaa penye kompyuta, na programu ilikuwa wazi, inafanya kazi vizuri kabisa. Laurian alikuwa ametuma pongezi. Alikaa hapo mpaka wafagiaji wakaingia, ndipo akageuka.

"Shemeji, kama ningepanda basi Jumatano asubuhi, badara ya kukaa na dude hiri?"

Nina jibu kwa kila kitu mimi. Ukoo mzima unajua. Ningeweza kumwambia ni mipango ya Mungu, watu wengi wameshamwambia hivyo baadaye. Lakini aliniuliza akinitazama machoni, na alikuwa anajua hesabu ya siku kama ninavyoijua.

"Ungemkuta," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Akavua kitambulisho akakiweka mezani, akatoka, akachukua baiskeli yake na kuisukuma barabarani kuelekea Nyamiaga. Ni mteremko pale, lakini hakuipanda.