Nilivyoyapa Mafaili Majina ya Baba Zao

Shule yangu iliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nusu yake nilikuwa delta nikikata boriti za mikoko na marehemu baba. Nalisema mapema, msomaji asije akadhani najifanya mtaalamu. Lakini nikikwambia kwamba pale Kibiti niliifanya kompyuta itaje kilichomo ndani ya faili lisilojulikana, uniamini, maana aliyelifanya lisijulikane nilikuwa mimi mwenyewe.

Miaka hiyo biashara zilikuwa zimefunguliwa na kila mwenye mtaji kidogo anaweka kibanda. Mama mmoja, mjane wa mfanyabiashara wa nazi, akafungua duka la kuchapa barua na kutoa kopi, kando ya barabara ya Lindi. Alileta jenereta, mashine ya kopi na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Mimi aliniajiri nifagie na nilinde. Sasa mtu ukifagia mahali miezi sita unajua na cha juu ya meza. Nikaanza kutoa kopi, nikajua kuchapa kwa vidole viwili, halafu ikaja skana, ile mashine unayolaza karatasi juu ya kioo na picha yake ikaingia kwenye kompyuta. Hiyo niliipenda kuliko zote. Niliskani vyeti, barua, hata kiganja changu.

Mama alipokwenda Makka kuhiji aliniachia ufunguo. Siku ya pili nikafungua orodha ya mafaili, nikaona fedheha. Kila faili lilikuwa na jina la mteja, kisha nukta, kisha herufi tatu zisizo na maana, na herufi hizohizo wamepewa watu chungu nzima. Nikajisemea, hapa ndipo pa jina la baba, ila aliyeanza kazi hii hakuwajua baba zao. Kwetu mtu hatajwi kwa jina moja. Ukiita jina moja Kibiti sokoni watageuka watu kumi, na mmoja atakuuliza una shida gani naye. Lazima useme fulani wa fulani. Basi nikakaa siku nne nikifuta zile herufi na kuweka tatu za mwanzo za jina la baba wa kila mteja. Wengi niliwajua. Nisiowajua niliuliza msikitini.

Kila nikibadilisha, kinatokea kijisanduku cha maneno marefu ya Kizungu na chini vitufe viwili. Cha kwanza nilijua ni cha kukubali. Niliona mashine inaniuliza kwa adabu kama nina uhakika, na uhakika nilikuwa nao. Nikakubali, mara mia na kitu nikakubali.

Jumanne iliyofuata akaja shemeji yangu, mke wa marehemu kaka, ametoka delta kwa mtumbwi hadi Nyamisati, kisha juu ya lori la mkaa. Kanga zote masizi.

"Shemeji," akasema mlangoni, "bado unalinda kiti cha mwanamke?"

"Nalinda, na leo nimekikalia. Karibu. Mkaa unauza au umeupaka?"

"Cheka tu. Nataka karatasi yangu ya hiba."

Karatasi hiyo naifahamu. Kaka, akiwa hai na akili zake, alimpa mkewe shamba la mpunga lililo kwenye kona ya mto. Akaiandikisha, akaweka dole gumba, na mashahidi wawili wakaweka yao. Siku aliyopita dukani nayo niliiskani, nimwonyeshe ufundi wangu tu. Sasa mafuriko ya mwaka huo yalikuwa yameichukua karatasi yenyewe pamoja na dungu, kibanda cha juu cha kulindia mpunga usiliwe na nguruwe, na mashahidi wote wawili walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Maji yalipopungua, jirani wa shamba akaja na kamba yake kupima. Akasema kaka alikuwa ameliazima tu kwa baba yake yeye.

"Na baba yake mwenyewe ndiye shahidi wa pili!" shemeji akasema. "Dole lake liko pale. Baraza la kata linakaa Alhamisi. Nisipoonyesha karatasi, msimu huu nitalima kichwani kwako."

"Hilo dogo," nikamwambia. "Kaa hapo."

Nikawasha jenereta. Jina la kaka yangu, nukta, herufi tatu za baba yetu. Nikabonyeza. Mashine ikauliza nilifungue kwa programu gani. Nikachagua ile ya kuchapia barua. Yakamwagika makorokoro: vimraba, masharubu, nyota, herufi zimepinduka.

Shemeji akainama. "Hiki Kichina?"

"Subiri."

Nikakumbuka zile herufi tatu zilizokuwa kwenye picha za pasipoti, nikazirudisha. Ikakataa. Nikajaribu herufi nyingine. Ikakataa. Na hapo niliona jina la kaka na la baba yamechangiwa na watu watatu, kwa hiyo nilikuwa na mafaili matatu niliyoyatia namba, la kwanza, la pili na la tatu, na sijui lipi ni lipi. Shemeji alikunja mikono juu ya tumbo akawa anaangalia barabara.

Siku hiyo, kwa bahati, alikuwepo fundi wa mashine ya kopi kutoka Dar, mtu mzima mwenye kitambi, amelala sakafuni kichwa kimo ndani ya mashine. Akatoka na wino puani.

"Mzee, hebu nione." Akatazama orodha. Akatazama tena. "Hawa akina nani huku mwishoni?"

"Baba zao."

"Umewapa baba watu wangapi?"

"Wote."

Alicheka hadi akashika meza. Kisha akanieleza, na sitamsahau kwa kunieleza bila kunidharau. Zile herufi tatu si ukoo, ndizo zinazoiambia mashine hii ni barua, hii ni picha, na picha zenyewe ziko za aina nyingi. Nimezifuta, sasa mashine haijui ifungue kwa kitu gani. Akatoa disketi mfukoni.

"Humu mna kiprogramu kidogo. Hakisomi jina. Kinachungulia mwanzo wa faili kwa ndani, maana kila aina ina alama yake pale mwanzoni, hata ukiipachika jina la babu yake. Kitakwambia ni aina gani. Basi langu la Ikwiriri hilo linapiga honi, nikuonyeshe mara moja tu."

Mara moja ilinitosha, na nitasema kwa nini. Tulipokuwa tunakata boriti, wauzaji wengine walikuwa wakimenya gome na kupaka tope, wakakuletea mchu, mkoko wa bei ndogo, wakasema ni mkaka, ule wa bei kubwa. Kwa nje huzijui. Unachofanya unakata kipande cha kichwani kwa panga. Mkaka ni mwekundu ndani, mchu mweupe, basi, maneno yamekwisha. Mwenzangu wa kazi hiyo, mzee kuliko mimi, alikuwa hodari wa kukata kichwa cha boriti akiwa ameishika kwa mkono mmoja, hadi siku panga lilipoteleza likampasua dole gumba toka ukucha hadi kiungo. Lilipona likiwa na mfereji. Mzee huyo ndiye baba wa jirani tunayemsema.

Fundi akaondoka, disketi akaniachia. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri alilonionyesha, nikaandika jina la kiprogramu, nikaacha nafasi, nikaandika jina la faili la kwanza. Kikajibu ni barua. La pili, picha ya aina ile ya pasipoti. Nikalirudishia herufi zake, likafunguka: mwanamume mwenye upara, simjui.

"Huyo si kaka yako," shemeji akasema. "Kaka yako alikuwa na sura."

La tatu kikasema ni picha pia, lakini ya aina nyingine kabisa, ambayo mimi nisingeibahatisha hata kwa mwaka. Ilikuwa ile iliyotumiwa na skana siku za mwanzo tulipoinunua. Nikaandika herufi tatu kilizonitajia kiprogramu, moja moja, kwa kidole kimoja. Kijisanduku cha Kizungu kikauliza kama nina uhakika.

Nikabonyeza ndiyo. Karatasi ikafunguka toka juu kushuka chini, taratibu, mistari ya kaka, kisha madole matatu. Shemeji akaweka kidole kwenye kioo, juu ya la kwanza, akakiacha hapo.

Alhamisi barazani jirani aliishika kopi yetu kama mtu aliyeshika samaki wa juzi. "Kompyuta inaandika chochote," akasema. "Na huyu mzee ni shemeji yake huyu mwanamke."

Mwenyekiti akanigeukia. Nikasimama, nikaeleza yote mbele ya watu: kuhiji kwa mama, baba za mafaili, makorokoro, fundi, disketi. Watu walicheka kwenye baba za mafaili na mimi nikawaacha wacheke. Nikamaliza hivi: "Programu ile haikuandika kitu. Ilinitajia tu aina ya kilichokuwamo. Sasa jirani, usitazame majina. Tazama dole la tatu."

Akalitazama. Katikati ya wino mweusi palikuwa na mstari mweupe, toka juu hadi kwenye kiungo. Akapitisha ukucha wake juu ya mstari ule.

"Huyu ni baba," akasema, akamrudishia shemeji karatasi kwa mikono miwili.

Nje shemeji aliniambia, "Na wewe, faili lako mwisho wake weka herufi tatu za mjinga." Kisha akanishika mkono, jambo asilolifanya tangu matanga ya kaka.

Kazi ya kuyachungulia mafaili yote ilinichukua siku kumi na mbili. Yote yalitajwa, halikubaki hata moja. Herufi za kazi nikazirudisha mwishoni na baba nikawahamishia kabla ya nukta, maana hao sikukubali kuwafuta. Mama aliporudi, sasa ni Hajati, akafungua orodha akaniuliza kwa nini kila mteja amerefuka jina.

Nikamwambia ndivyo wanavyoitwa.